Wiki ya Mchana, Wiki ya Usiku

Binamu yangu alimaliza fomu foo mwaka jana na sasa ako na nauli mfukoni. Jumapili usiku anapanda basi hapa Isiolo, kufikia alfajiri atakuwa Nairobi. Kuna mtu wa mtaa wetu huku Bula Pesa amempa koneksheni ya kiwanda. Juzi akanitumia ujumbe saa tano usiku: "Bro, wewe ulifanya hiyo kazi. Niende ama niwache?"

Nikaanza kumjibu kwa sauti. Ikafika dakika kumi na moja, nikafuta. Nikaona heri niandike hapa, kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza swali kama hilo, na wengi wenu mnaonisoma ama mko shule mkijiuliza kuna nini mbele, ama mko base mkingoja mtu apige simu.

Kwanza niungame kitu. Nikiwa hiyo kazi nilipandisha klipu TikTok. Niko nje ya geti saa kumi na mbili asubuhi, macho mekundu, nimetoka shifti ya usiku, na nasema kwa majivuno ati kulala ni ya watu wameridhika na umaskini. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilikuwa nimefanya. Binamu yangu aliihifadhi. Ameituma tena juzi pamoja na hilo swali lake, na emoji ya moto. Kwa hivyo nikikasirika humu ndani, jueni sehemu ya hasira ni yangu kwangu.

Stori ya chuo mnaijua, niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, sitairudia. Nilishuka Nairobi nikapata kibarua kwa kiwanda cha plastiki Industrial Area. Jina sitaji. Tulikuwa tunatengeneza mitungi ya njano, ile ya lita ishirini ambayo kila mtu hapa Isiolo ako nayo, ya maji, ya mafuta, ya maziwa ya ngamia yanayopandishwa basi kwenda Eastleigh. Mashine inabana plastiki moto, inapuliza hewa ndani, mtungi unatoka. Ukitoka unakuwa na mabaki pale shingoni na chini. Kazi yangu ilikuwa kuukata hayo mabaki na kisu, kuukagua kama umetoboka, kuuweka kando. Kabla hujapumua mwingine umetoka. Hivyo hivyo masaa kumi na mawili. Kula tulikuwa tunapokezana, dakika ishirini, kwa sababu mashine haingoji mtu ameze.

Na mashine kweli haiwezi kusimama, hapo nitakuwa mkweli kwa upande wa mwenye kiwanda. Plastiki ikipoa ndani ya bomba inaganda, na kuianzisha tena kunakula masaa na kuna mali inatupwa. Viwanda vingi viko hivyo: vyuma, glasi, simiti, nguo zenye oda ya haraka. Kwa hivyo lazima kuwe na watu usiku. Sibishani na hilo. Nabishana na jinsi watu hao wanavyopangwa.

Sisi tulikuwa timu mbili. Wiki hii timu A inaingia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, timu B inachukua usiku. Wiki ijayo mnabadilishana. Jumatatu mpaka Jumamosi. Kwa karatasi inaonekana ni haki kabisa, kila mtu anaonja yake. Mimi mwenyewe mwanzo niliona poa, angalau si usiku daima.

Sasa hesabu hii. Ukiwa wiki ya usiku, shifti yako ya Jumamosi inaisha Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi unatakiwa urudi, kwa sababu sasa ni wiki yako ya mchana. Hayo masaa ishirini na manne katikati ndiyo Jumapili yako. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, inasema lazima upate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na mwenye kiwanda atakwambia si umepata? Umepata siku, lakini umeilala. Unaamka saa tisa mchana kichwa kizito, unafua, unapika, unajilazimisha kulala tena saa tatu usiku na mwili unakataa, kwa sababu kwa wiki nzima saa tatu usiku ndiyo wakati uko kazini umechangamka. Jumatatu asubuhi unaingia laini kama mtu ameshuka ndege kutoka ng'ambo, na hujafika hata Thika.

Hiyo ya ndege sikuitunga kama mzaha. Ndani ya mwili kuna saa, na mwaka wa 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao ya kuonyesha jinsi hiyo saa inavyoendeshwa na jeni. Inapangwa hasa na mwanga wa jua. Na ukiihamisha inasogea polepole, kadiri ya saa moja kwa siku. Sasa wewe piga hesabu: kutoka mchana hadi usiku ni kuisogeza masaa kumi na mawili. Mwili unahitaji karibu siku kumi na mbili kuzoea. Kiwanda kinakupa saba, halafu kinakugeuza tena. Hakuna hata wiki moja ambayo mwili wako uko mahali ulipo. Yule mtu wa usiku tu, kama mlinzi wa benki, anateseka pia, lakini angalau mateso yake yana ratiba.

Sisi Waswahili tungeelewa hii kuliko watu wengine. Saa yetu yenyewe huanza na jua: saa moja ni saa ya kwanza baada ya kupambazuka. Na huku Isiolo tuko karibu na ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Maana yake ukiwa shifti ya kumi na mbili mpaka kumi na mbili, wiki ya mchana jua hulioni sana. Unaingia kabla halijachomoza, unatoka likikaribia kuzama. Wiki ya usiku unaliona, lakini ndiyo adui yako.

Wacha niwaeleze adui. Nilikuwa nakaa Mukuru, chumba cha mabati, kuta mabati, juu mabati. Ni karibu na kazi, unatembea, hakuna nauli. Ukitoka usiku unafika saa moja asubuhi, unakunywa chai, unajitupa kitandani. Saa tatu mabati yanaanza kulia, yanapanuka na joto. Saa tano ni tanuri. Jirani anafungulia redio, mashine ya posho inanguruma, watoto wametoka shule ya chekechea, kuna mtu anagonga akiuza omo. Saa saba umekaa kwa ukingo wa kitanda unatokwa na jasho, umelala masaa manne, na saa kumi na mbili jioni uwe getini. Watu husema "lala mchana" kama vile mchana ni usiku wenye mwanga. Bosi analala Kitisuru ama Karen na mapazia mazito. Yeye angeweza kulala mchana. Sisi tuliotakiwa kulala mchana ndio hatuna pahali pa kulala mchana.

Nilianza kutumia miraa. Mtu wa Isiolo hawezi kushangaa, Maua ni hapo tu. Kila mtu kwa laini alikuwa na kitu chake: miraa, kahawa ya unga inayolambwa kavu, zile soda za kuongeza nguvu za chupa ndogo, tembe fulani ambazo sijui hata zilikuwa za nini. Halafu ukitoka, ili ulale, unahitaji kitu kingine cha kukuzima. Wasee wengi hicho kitu kilikuwa keg. Kwa hivyo ukiona vijana wamelewa saa mbili asubuhi mitaa ya Industrial Area, usikimbilie kusema wamepotoka. Hiyo saa mbili ni usiku wao.

(Ramadhan, cha ajabu, wiki ya usiku ilikuwa afadhali. Unakula daku kazini, unalala funga. Wiki ya mchana, masaa kumi na mawili mbele ya mashine moto bila maji, hiyo sitasema mengi.)

Kulikuwa na mzee mmoja kwa laini yetu, tulimwita Mzee tu, pengine alikuwa na miaka arobaini na tano. Yeye ndiye alinifunza kushika kisu. Usiku mmoja, saa kumi hivi ya alfajiri, ile saa ambayo hata mashine inasikika kama iko mbali, alisinzia akiwa amesimama. Sikuwahi kujua mtu anaweza kulala amesimama macho wazi. Kisu kikateleza kwa mtungi kikaingia kwa kiganja. Damu kwa plastiki ya njano ina rangi sijawahi kuisahau. Alifungwa kitambaa, akaambiwa aende nyumbani, na msimamizi akatuambia sote, kwa sauti, makosa ni yake kwa sababu alikuwa anasinzia. Kesho yake nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine kutoka foleni ya getini.

Nimefikiria hilo neno "makosa ni yake" sana. Watafiti wamepima hii kitu. Mtu akikaa macho masaa 17 mfululizo, uwezo wake wa kufanya kazi ya mikono unashuka kama wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwa damu. Akifika masaa 24, ni kama asilimia 0.10. Angekuwa dereva na hiyo pombe, polisi wa alcoblow angelala ndani. Na Mzee ile siku ilikuwa Jumatatu, usiku wa kwanza wa wiki ya usiku. Aliamka asubuhi kama kawaida, akahangaika na watoto mchana kutwa, akaingia jioni. Kufikia saa kumi alfajiri alikuwa amekaa macho karibu siku nzima. Kiwanda kilimpangia hiyo ratiba, kikampa kisu, halafu kikamlaumu kwa kusinzia. Sheria ya fidia ya kuumia kazini, WIBA, ya 2007, inanyima fidia mtu aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi. Kusinzia alfajiri si kusudi. Lakini Mzee hakudai. Wengi hatukujua hata kuna kitu cha kudai.

Na hayo ni ya papo hapo. Kuna yale ya polepole. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti 2021: anayefanya kazi masaa 55 ama zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukimlinganisha na anayefanya 35 hadi 40. Walikadiria vifo 745,000 vya mwaka wa 2016 vilitokana na hayo masaa marefu. Kitengo cha saratani cha hilo Shirika la Afya kiliweka kazi za usiku kwa orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani tangu 2007, na 2019 kikarudia kusema hivyo.

Shikeni hiyo namba, 55. Sasa njooni kwa sheria yetu, na hapa ndipo nilishtuka nikisoma.

Kenya kuna Amri ya Mishahara ya Jumla, ile inayowashika wafanyakazi wasio na amri ya sekta yao. Inasema wiki ya kawaida ni masaa 52 kwa siku sita. Kwa kazi ya usiku, 60. Yaani yule wa usiku, ambaye mwili wake unaumia zaidi, ndiye ameongezewa masaa. Soma tena kama hujaamini. Na juu ya hapo kuna ovataimu: kwa wiki mbili mfululizo, masaa yote yakijumlishwa yasipite 116 kwa wa mchana, na 144 kwa wa usiku. Gawanya 144 kwa mbili: 72. Gawanya 72 kwa siku sita: 12.

Shifti ya usiku ya masaa kumi na mawili, siku sita, ambayo mimi nilidhani ni ujambazi wa bosi mmoja, imeingia kwa kipimo cha sheria mpaka mwisho, kama mguu kwa kiatu. Sisemi aliyeiandika alikuwa na nia mbaya. Nasema ukienda ofisi ya Leba kulalamika ati umefanya kazi masaa 72 za usiku, afisa anaweza kukuonyesha karatasi na akuambie hayo masaa yanaruhusiwa.

Lakini karatasi hiyo hiyo inasema mambo mengine mawili ambayo hukuambiwa getini. La kwanza, masaa yanayozidi yale ya kawaida yanalipwa mara moja na nusu, na Jumapili na sikukuu mara mbili. Kutoka 60 kwenda 72 ni masaa 12, ambayo yakizidishwa na moja na nusu ni mshahara wa masaa 18 kila wiki ya usiku. Mimi nililipwa mia sita kwa shifti, iwe mchana iwe usiku, na neno ovataimu sikulisikia hata kwa bahati mbaya. La pili, wiki ya mchana. 116 gawa kwa mbili ni 58. Masaa kumi na mawili mchana siku sita yanapita hapo kwa mbali, hata ukitoa muda wa kula. Kwa hivyo wiki yako ya mchana ndiyo inayovunja sheria waziwazi. Na ukigeuzwa geuzwa, wiki hii mchana wiki ijayo usiku, wewe ni mfanyakazi wa usiku ama wa mchana? Kipimo chako ni 144 ama 116? Hapo ndipo kila mtu anachanganyikiwa, na mkanganyiko huwa hauumizi bosi.

Unauliza kwa nini watu hawadai. Ni kwa sababu ya hilo neno kibarua. Zamani kibarua kilikuwa kikaratasi, barua ndogo, unapewa kuonyesha umefanya kazi ya siku. Siku hizi karatasi haipo, limebaki jina, na jina ni la mtu. Kisheria kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na haajiriwi kwa zaidi ya masaa 24 kwa wakati mmoja. Kifungu cha 37 kinasema ukifanya siku mfululizo zinazofika mwezi, wewe si kibarua tena, unahesabiwa mfanyakazi wa mwezi na unapata haki zake, likizo, notisi, vyote. Viwanda vinajua hicho kifungu kuliko mawakili. Ndiyo maana unapumzishwa siku mbili tatu kabla mwezi haujatimia, halafu unaitwa "upya". Nilipumzishwa hivyo mara nne nikidhani ni bahati mbaya yangu.

Sasa kuna kitu lazima niseme ambacho kitawaudhi wale wenzangu wa mrengo wa "wafanyakazi amkeni". Siku moja palivuma uvumi kwamba kiwanda kitaweka timu tatu za masaa manane. Mimi nilifurahi. Wenzangu wakapiga kelele za hasira, na walikuwa na akili zao. Kwanza, wote waliamini mia sita itakuwa mia nne. Pili, shifti za masaa manane zinaisha saa nne usiku ama katikati ya usiku, na kina dada wakauliza, nani atanisindikiza Mukuru saa sita usiku? Masaa kumi na mawili ni mabaya, lakini angalau unatembea na umati alfajiri. Mtu akikuambia "masaa manane tu" bila kuzungumzia mshahara na gari la kurudisha watu nyumbani, hajawahi kutoka kazini usiku.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na mnaweza kuupinga: timu tatu, mshahara ule ule wa siku kwa masaa manane, gari kwa wanaotoka usiku, na kama lazima kuwe na mzunguko basi uende mbele na saa, asubuhi, kisha alasiri, kisha usiku, na katikati siku mbili za kupumzika, si masaa ishirini na manne ya kulala. Mwenye kiwanda atasema itamgharimu timu nzima ya tatu. Ni kweli. Sasa hivi hiyo timu ya tatu ipo tayari, ni miili yetu inafanya kazi mara moja na nusu. Kima cha chini kilichotangazwa 2024 kwa kibarua wa kawaida Nairobi kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila nyumba. Kwa hiyo bei, kuongeza mtu si kitu cha kuangusha kampuni inayouza mitungi Afrika Mashariki nzima.

Kina dada, kwanza. Chumba kando yangu kulikuwa na mama wa watoto wawili, alikuwa anafanya nguo, zile za kupelekwa ng'ambo. Ukienda EPZ Athi River ama Ruaraka wengi walioketi kwa cherehani ni wanawake. Mimi nikitoka usiku nilikuwa najitupa kitandani. Yeye akitoka alikuwa anavalisha mmoja sare, anambeba mwingine kumpeleka kwa anayelea watoto, anarudi kufua, analala masaa mawili au matatu, anachukua watoto, anapika, anatoka. Mtoto mkubwa, wa miaka minane, ndiye alikuwa anafungia mlango usiku na kulala na mdogo wake. Kila akiingia zamu ya usiku alikuwa ananiomba, "kijana, kama uko, sikiza sikiza huko." Wiki ambayo sote wawili tulikuwa usiku, hakuna mtu wa kusikiza. Hiyo ndiyo sehemu sijawahi kuiweka kwa klipu.

Watu wamepigana na hii kitu kabla yetu, msidhani. Januari 1947 wafanyakazi kama 15,000 walisimamisha Mombasa, bandari yote kimya, na kati ya waliogoma wengi walikuwa vibarua wa kuitwa siku kwa siku. Mwanzoni mwa 2003, serikali ya NARC ilipoingia tu, wa EPZ Athi River nao wakagoma, kwa sababu sheria ya EPZ ya 1990 ilikuwa imeleta viwanda lakini chama cha wafanyakazi kilikuwa kinaishia getini. Leo Katiba, kifungu cha 41, imeandika haki ya kujiunga na chama na ya kugoma. Kwa laini yetu hakuna aliyekuwa na kadi ya chama. Kibarua wa siku moja anajiunga na chama cha siku gani?

Na kwetu je? Isiolo tumeambiwa viwanda vinakuja tangu nikiwa primari. Vision 2030 ilitutaja mji wa kitalii, LAPSSET ikazinduliwa 2012, barabara ya Moyale ikaja kweli, uwanja wa ndege ukajengwa, kichinjio cha kisasa tukaambiwa na tukaambiwa tena. Siku kitakapoanza kufanya kazi usiku na mchana kama nyama ya kusafirishwa inavyotaka, vijana wa Kulamawe na Kambi Garba watasimama getini. Sijasikia mwanasiasa yeyote, kwa kampeni yoyote, akiulizwa hao vijana watafanya masaa mangapi. Tunauliza kazi ngapi tu.

Akko wangu, aliyekulia Borana ya visima, aliniuliza siku niliporudi nimekonda: huko kazi mnapeana vipi? Nikamweleza mchana na usiku. Akashangaa si kwa usiku, maana wafugaji wanaujua usiku. Akauliza nani anasimamia zamu. Kwa vile visima virefu vya Borana kuna mtu, abba herega, kazi yake ni mpangilio wa nani ananywesha lini, na hata tajiri wa ng'ombe elfu hamruki mwenye mbuzi kumi bila kikao. Nikamwambia huko kwetu mwenye kisima ndiye mwenye kupanga zamu, na yeye ndiye anauza maji. Akacheka, akaniongezea maziwa.

Sasa, binamu. Nilikuambia nitakujibu.

Sikwambii usiende. Mimi ninakula kwa klipu na matangazo ya duka la simu, siwezi kukaa hapa nikakuhubiria. Nyumbani hakuna kitu kwa sasa na nyote mnajua. Nenda. Lakini ile klipu yangu ifute, na mimi nimeifuta leo asubuhi. Ukifika getini uliza ni timu ngapi, mbili ama tatu. Wakikuambia mbili, usipange kukaa zaidi ya mwaka, na hapo katikati tafuta kozi ama leseni. Chumba tafuta cha mawe hata kama ni mbali kidogo, hata kama ni cha kugawana na watu watatu, uliza kwanza kama mchana kina joto. Usiku wa kwanza wa wiki ya usiku lala mchana wake hata masaa mawili, usiingie umekaa macho tangu asubuhi kama Mzee. Kisu usishike saa kumi alfajiri bila kunawa uso kwanza.

Na kitu kimoja zaidi. Nimekununulia daftari ndogo, liko kwa mama yangu, pitia ulichukue. Kila siku andika tarehe, saa umeingia, saa umetoka, umelipwa ngapi, na siku wamekupumzisha. Mpesa wakitumia, usifute ujumbe. Sheria inampa mwajiri kazi ya kuweka rekodi, na mkifika kortini asipoleta karatasi za ajira yako, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Madai yako yana miaka 3. Mimi nilifanya miezi kumi na moja pale na sina hata mstari mmoja ulioandikwa.

Amejibu sasa hivi nikimalizia hii. "Sawa bro. Na kalamu?"

Liko na kalamu. Basi linatoka saa tatu.